Mwaka Huu Kila Mtu na Lake

Zamani mtu alikwenda kambini na mwili wake tu akarudi na ndugu. Siku hizi anakwenda na begi refu kuliko kimo chake, na anachorudi nacho ni picha.

Shazia aliionja zamani hiyo, ikamharibu kwa mengine yote. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea turubai, na kwa kuwa kila asubuhi aliichomeka kwenye ukosi wa shati lake, upande wa kushoto, na jioni akaondoka nayo hapo hapo kwa kusahau, watu walimwita kwa jina la chombo chake, naye akaitika. Mkewe alikuwa akisema hakuna shati katika nyumba ile lisilo na tundu karibu na moyo.

Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya barabara ya maghala. Walishona maturubai ya kufunika malori, vivuli vya maduka na mahema ya kila namna. Ndani mlinuka nta, kamba mpya na jasho, na sakafu ya saruji ilikuwa inang'aa kama sahani kwa kuburuzwa vitambaa miaka nenda miaka rudi. Mwenye karakana, ambaye sasa ni marehemu na ambaye wote walimwita Fundi Mkuu, alikuwa akikaa sakafuni pamoja na watu wake, miguu ameinyoosha, turubai moja limewafunika mapaja wote kama watoto wa tumbo moja. Ofisi alikuwa nayo, ila alifugia kuku.

Kila mwaka, kazi nyingi zilipokwisha, Fundi Mkuu aliwapandisha watu wake mlimani wakalale siku mbili tatu. Huko juu kuna baridi ya kutafuna mifupa. Maji ukiyaacha kwenye kikombe, asubuhi yanakutazama kwa jicho jeupe. Na bado hakuna aliyebeba blanketi. Kubeba blanketi lako lilikuwa tusi. Ni sawa na mtu aliyealikwa chakula akaja na sufuria yake kwapani. Ulikuwa unawaambia wenzako kwamba huamini kuwa watakufunika.

Wote walilala ndani ya hema moja lililoitwa Ndovu.

Ndovu hakununuliwa, wala hakushonwa kwa mara moja. Fundi Mkuu alianza na kipande kimoja cha turubai la kijivu. Baada ya hapo kila aliyeajiriwa, kabla hajakabidhiwa kazi ya mteja, alipewa baki la kitambaa akalipinda na kuliunga kwa Ndovu kwa mkono wake mwenyewe. Mshono mbaya haukufumuliwa. Uliachwa pale pale ili mwenye nao achekwe mpaka azeeke. Hivyo Ndovu akanenepa mwaka hadi mwaka, mzito, wa kijivu, mwenye mikunjo, na kila mtu akawa na mahali pake mwilini mwake. Hata mtoto wa Fundi Mkuu, alipokuwa bado anang'oka meno ya utotoni, aliunga mabaki mawili yakawa kipande chake, akiwa amepakatwa na Shazia, mshono ukaenda kombo kama njia ya mlevi. Siku hizo mtoto yule alimwita Shazia baba mdogo.

Tena kulikuwa na mzaha. Siku ya kupakia, Fundi Mkuu alipanda juu ya lori, akakunja uso kama hakimu, akatangaza: "Mwaka huu kila mtu na lake. Asiye na blanketi atajifunika nyota." Na wakati anasema hayo amekalia Ndovu, na chini ya Ndovu kuna robota zima la blanketi za karakana. Watu walicheka kila mwaka kana kwamba hawajawahi kuusikia. Mzaha wa wakati ule haukutakiwa uwe mpya. Ulitakiwa urudi tu, kama mgeni ambaye nyumba nzima inajua anavyopenda chai yake.

Fundi Mkuu akafa, mwanawe akarithi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuwatoa kuku ofisini akaingia yeye. Shazia alisema afadhali kuku, maana wao walikuwa wakitoka nje kuangalia watu. Mrithi akataka aitwe Meneja. Baba mdogo likageuka kuwa mzee wangu, kisha "wangu" likadondoka njiani, likabaki mzee. Watu wakainuliwa kutoka sakafuni wakawekwa mezani, kila mmoja na cherehani yake, kila mmoja na vijiwaya vyake masikioni, hata ukikohoa unakohoa kivyako. Ndovu akasukumwa kwenye stoo ya nyuma pamoja na viti vilivyovunjika. Ufunguo wa stoo ulibaki kwa Shazia, si kwa heshima. Hakuna aliyekumbuka kuuomba.

Safari za mlimani zilikuwa zimekufa pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo siku Meneja aliposimama mlangoni mwa ofisi, simu mkononi, akasema kwamba watapanda tena mlimani, kila mtu na lake, hema lake na blanketi lake, asije mtu akasema hakuambiwa, Shazia alicheka. Alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Moyoni alisema hatimaye mtoto amemrithi baba yake. Damu nzito kuliko kiti cha kuzunguka.

Mama Pete alimtazama. Huyu alikuwa mwanamke wa kupigilia pete za shaba kwenye pindo, zile zinazopitishwa kamba, na mumewe marehemu alikuwa amekaa bega kwa bega na Shazia tangu ujana, kwa hiyo waliitana shemeji. Alimwambia pole pole kwamba huyu hatanii. Shazia akamuuliza kama amesahau kuwa kila mwaka husemwa vivyo hivyo. Mama Pete akasema hajasahau, ila aliyekuwa akisema hayupo.

Nyumbani mkewe alitoa blanketi kabatini, lile zito la mistari, akaliweka kitandani juu ya nguo za safari. Shazia akalirudisha. Mke akalitoa tena, naye akalirudisha tena. Hakukuwa na ugomvi. Walikuwa kama watu wanaosogezeana bakuli. Mwishowe mwanamke akamuuliza ana nini.

"Unataka wanione sina watu?" akasema Shazia.

Akaondoka na shati, sweta lililotoboka viwiko, na shazia yake ukosini.

Juu ya lori kulikuwa na mlima wa mabegi. Alijiambia Ndovu yuko chini yake, wamepita kumchukua kwa ufunguo mwingine, wanataka kumfanyia mzee ajabu. Alikaa akiwa na tabasamu la mtu anayejua siri. Walipofika na mabegi yakashushwa, aliona mbao za sakafu ya lori zikitokea moja baada ya nyingine, na ubao wa mwisho ulipotokea, tabasamu lilikuwa bado liko usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi.

Kwenye majani, mahema yalikuwa yanaota kama uyoga. Unalitupa, linajifungua lenyewe, hakuna wa kukushikia mlingoti, hakuna wa kumwambia "vuta kwako." Kila hema la mtu mmoja, jembamba, na rangi za peremende. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukalamba magoti ya watu, na kabla jua halijazama sawasawa pua ya Shazia ilikuwa haina habari.

Alikwenda kwa Redio kwanza. Redio ndiye mkataji wa kitambaa, kijana mcheshi ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia, na Shazia ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Redio alitoa kichwa nje kama kobe, akatazama hema lake, akamtazama mzee, akasema kwa sauti ya kusikika kote: "Mzee wangu, humu tukiingia wawili itabidi tutafute shehe atuoze kabisa." Mahema yote yakacheka. Hilo ndilo lililomuuma Shazia baadaye kuliko baridi yenyewe: kwamba alisikia kicheko bila kuona uso hata mmoja. Vitambaa ndivyo vilimcheka.

Kwa Meneja hakuwa hata na haja ya kuomba. Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa hema lake, ambalo lilikuwa na ukumbi mdogo wa kuwekea viatu. Viatu vilikuwa na chumba. Alimwangalia mzee aliyempakata, sweta, viwiko, mikono mitupu, akatikisa kichwa kwa huruma ile ya kuuma.

"Nilisema," akasema Meneja. "Si nilisema?"

Akamwelekeza kwa dereva, labda kuna nafasi mbele ya lori. Dereva alikuwa ameshajifungia, amejaza kiti chote. Mama Pete alifungua zipu ya hema lake kiasi cha mkono kupita, akapitisha shali, akafunga. Shazia aliipokea kama mtu anavyopokea sadaka mbele za watu. Kutoka kwa wengine wote alichopata ni sauti ya zipu, zii, zii, zii, hema baada ya hema, kama watu wanaozibana midomo.

Alikaa karibu na moto hadi ukawa makaa, na makaa hadi yakawa jivu. Akavuta gunia lililobebewa kuni, akaingia ndani yake mpaka kifuani, akakunjana. Mtu hawezi kusimulia baridi kwa aliyevaa koti, nami sitajaribu. Itoshe kwamba alfajiri mwanga ulimkuta amelala, gunia limemfika kwapani, jivu kwenye nyusi, shali ya kike kichwani, mdomo wazi. Na walioamka kwa ajili ya picha za mawio ya jua walimpiga yeye.

Kikohozi alichoshuka nacho hakikupona. Lakini kikohozi ni mwili, na mwili una samahani. Mwisho wa mwaka Meneja alichapisha kalenda ya kugawia wateja, kila mwezi na picha ya karakana, na kwenye mwezi wa baridi akaweka Shazia ndani ya gunia, chini yake maneno: *Usilale hivi. Nunua hema kwetu.* Hakumwuliza. Baadaye alisema ni utani tu, mzee, wateja wamependa sana. Redio akaanza kumwita Gunia, na jina likashika. Madereva waliokuja kuchukua maturubai waliuliza yuko wapi Bwana Gunia, wakataka kumpa mkono.

Mkewe aliiona kalenda dukani, juu ya mifuko ya unga, alipokwenda kununua sabuni. Hakununua sabuni. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua ushungi, na mumewe alipoingia hakumwambia "nilikwambia," jambo ambalo wanawake wengi wangelisema na haki wanayo. Alisema tu kwamba muuza duka alimwuliza kama huyu si yule wa kwake, na yeye akajibu hapana. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao alikuwa amemkana mumewe mbele ya watu.

Tangu saa hiyo Shazia hakutaka kitu kingine duniani ila waonje. Hakutaka radhi. Radhi siku hizi inaombwa kwa kidole gumba kwenye simu. Alitaka kila mmoja wao asimame penye upepo ule mikono mitupu, na ajue ni nani aliyemwacha hapo.

Wako wanaosema mtu mzima husamehe. Wanaosema hivyo nimegundua wana blanketi.

Alingoja. Mtu aliyeshona mahema maisha yake yote anajua kungoja. Uzi wa nta ukivutwa kwa haraka hukatika. Na kisasi kilikuja chenyewe, kwa miguu ya Meneja. Kulikuwa na mnunuzi mkubwa, mama mmoja mwenye kampuni ya kambi za mlimani, mvaaji wa viatu vya mpira hata mjini, na Meneja alitaka sana oda yake. Mama huyo, alipokuwa akizungushwa karakanani, alisema amechoka na mahema ya peremende, kila mtu anamuuzia hayo hayo. Anatafuta kitu chenye historia. Meneja akakumbuka Ndovu ghafla, kama mtu anavyomkumbuka shangazi tajiri.

Alitoka ofisini akaja mpaka mezani kwa Shazia, akaweka mkono begani mwake. Alimwambia mwaka huu watapanda na mgeni, watalala wote ndani ya Ndovu kama enzi za baba, mgeni ajionee urithi. Hakuna haja ya watu kubeba mahema wala blanketi, itaharibu sura. Akauliza kama Ndovu bado yupo.

"Yupo," akasema Shazia. "Kila kipande kipo."

Ni kweli, na kwa hilo hakumdanganya.

Alijifungia stoo akisema anamkarabati. Meneja akafurahi, akamwambia achukue muda wake. Shazia alimkunjua Ndovu sakafuni, akavuta kigoda, akachomoa shazia ukosini, akaanza kufumua. Alifuata mishono ya zamani, ile ya kuungia, mmoja mmoja, nyuzi zilizotiwa nta na watu ambao wengi wao wako ardhini. Uzi mgumu ulikatika kwa mlio kama wa kuvunja kijiti. Alianza na kipande cha Redio, na hicho alikifumua kwa raha. Alipofika kwenye kile cha kijivu cha katikati, cha Fundi Mkuu mwenyewe, aliondoka akaenda kunywa maji, akarudi, akafumua.

Halafu likatokea jambo ambalo mshonaji mwingine yeyote wa karakana ile angelifanya, na mtu mwingine yeyote duniani asingelifanya. Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja tu: ukingo bila pete ni mtu bila nguo. Hakuna turubai lililotoka mlangoni kwake, liwe dogo kama leso, bila kupindwa pande zote na kutiwa pete za kamba. Shazia alivitazama vipande vyake vilivyotawanyika, kingo zinachuruzika nyuzi, akaona haya. Angewaangamiza, sawa, lakini si kwa kazi mbovu. Mkono ulikataa. Akapinda kila kipande pande zote, akatia nta. Kwenye pembe ya kila kimoja akashona jina la utani la mwenyewe kwa uzi mwekundu, herufi zimenyooka kama askari. Kisha akaenda kuomba pete.

Mama Pete alimpimia kopo zima, na nyundo. Alimwuliza pete zote hizi za nini, shemeji, Ndovu ana masikio mangapi. Shazia akasema upepo wa kule anaujua mwenyewe. Kuhusu ile shali hawakuwa wamewahi kuongea.

Kipande chake mwenyewe Shazia, cha ujana wake, chenye mshono mzuri kuliko yote, alikikunja akaenda nacho nyumbani.

Siku ya kupakia, watu walikuja wepesi, mikono mifukoni, wengine na vijisweta vya kujionyesha. Shazia alikuja na mzigo mgongoni uliomfanya atembee kama mchukuzi: koti la manyoya, soksi za sufu, mfuko wa kulalia ambao mkewe aliushona tabaka juu ya tabaka bila kuuliza ni wa nini, na kihema kidogo kilichonunuliwa dukani, rangi ya peremende. Robota la Ndovu lilikuwa juu ya lori tayari, limefungwa kamba vizuri. Shazia alipanda akalikalia. Akakunja uso kama hakimu.

"Mwaka huu kila mtu na lake," akasema. "Asiye na blanketi atajifunika nyota."

Walicheka. Wale wa zamani walicheka mpaka wakashikana mabega, na Meneja, aliyekuwa akimfungulia mgeni mlango wa gari, alimweleza yule mama kwamba huo ni mzaha wa marehemu baba. Mama Pete peke yake ndiye aliyetazama mzigo mgongoni mwa mzee. Hakucheka.

Mlimani upepo ulikuwa umeshafika kabla yao. Shazia alisimamisha kihema chake mbali kidogo, penye mwinuko, akaingiza vitu vyake, akarudi kusimama. Meneja alimsogeza mgeni mbele, akatoa maneno ya urithi na mikono ya wazee wetu, akaamuru robota lifunguliwe. Redio akakata kamba.

Vipande viliteleza kutoka juu ya lori vikaanguka majanini kimoja kimoja, vimepindwa, vimetiwa pete, safi kama nguo za kupelekwa kwa bibi harusi. Mwanzoni watu walidhani kuna hema jingine chini. Walivigeuza wakakuta majina yao. Redio alisoma lake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukutoka kitu. Mgeni aliuliza hema liko wapi. Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akasema atalala garini na kuondoka mapema, na kwa jinsi alivyosema kila mtu alijua oda imeondoka naye.

Meneja alikuwa ameokota cha kwake. Hakikuwa na haja ya jina. Mshono wake wa utotoni ulikuwa katikati, umekwenda kombo, na pembeni mwake mshono mwingine, wa mtu mzima, uliousindikiza usianguke. Aliupitishia kidole. Alipoinua uso ulikuwa uso wa yule aliyepakatwa.

"Baba mdogo," akasema. "Mbona hivi?"

Shazia alikuwa amelingoja neno hilo miaka mingi, na sasa limekuja akaliona limechelewa.

"Nilisema," akajibu. "Si nilisema?"

Akageuka, akapanda kwenye mwinuko wake, akaingia ndani na kuvuta zipu. Alivuta pole pole, aisikie jino kwa jino. Nje giza lilikuwa linaingia na watu wanaitana kwa sauti za wasiwasi, kuni ziko wapi, nani ana koti la ziada, na mtu akimlaumu mwingine. Ndani kulikuwa na joto. Joto lilianzia vidoleni likapanda, na Shazia alilala chali akitabasamu gizani. Sitasema uongo kwamba alijuta. Ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote wa uzee wake, nao ulimbeba akiwa bado anasikia meno ya watu.

Aliamka kwa kicheko.

Si cha vitambaa. Cha watu. Akafungua zipu kiasi cha jicho. Mwanga ulikuwa wa kijivu, majani yamevaa barafu nyembamba, na pale chini, kando ya lori, alikuwa amesimama Ndovu.

Alikuwa amesimama vibaya, ubavu mmoja chini, vipande vimepangwa hovyo, cha Redio kimekaa kilipokuwa cha Fundi Mkuu, kamba ya robota imekatwakatwa na kupitishwa pete kwa pete, fundo kwa fundo. Kazi ya haraka, ya gizani, ya vidole vilivyokufa ganzi. Lakini pete zilikuwa zimelingana, kila moja na mwenzake, kwa sababu yeye mwenyewe alizipima kwa shibiri yake bila hata kufikiri, kama alivyozipima maisha yake yote. Gari la mgeni lilikuwa limeondoka. Kwenye mlango wa hema alikuwa amekaa Mama Pete, kipande cha kamba kati ya meno, vidole vimetoka damu, anakaza fundo la mwisho. Nyuma yake ilionekana miguu, miguu mingi, imechanganyika, haijulikani ipi ya nani. Meneja alikuwa katikati yao hana viatu. Redio alikuwa anasimulia kitu, na walikuwa wanachekana, wanasukumana, na mtu akapiga kelele kwamba mwenye hiki kisigino cha barafu akitoe mgongoni kwake.

Sehemu moja, juu kidogo ya mlango, palikuwa na tundu. Kipande cha hapo hakikuwepo. Walikuwa wameliziba kwa gunia la kuni.

Shazia alivunja kihema chake, akafunga mzigo, akavaa koti. Chini ya mfuko wa kulalia kilikuwa kipande chake cha ujana, alikuwa amekitandika kuzuia umande. Alikishika mkononi kwa muda. Kingetosha tundu lile kabisa; pembe zake zilikuwa zinangojwa na pete za pande zote nne. Alikikunja kwanza mara moja, kisha mara nyingine, akakitia kwapani chini ya koti.

Njia ya kushuka ilipita hatua chache kutoka kwao. Kicheko kilipungua alipokaribia, kikaisha alipofika. Mama Pete alitoa kamba mdomoni kama anayetaka kusema shemeji. Shazia alitazama mbele. Karakanani hakurudi hata kuchukua kigoda chake, na ufunguo wa stoo alimtuma mkewe aupeleke. Penye kona ya njia aligeuka mara moja tu, kuhakikisha wana baridi. Upepo ulikuwa umelivimbisha gunia kwenye tundu lake, mkono wa mtu ukatoka ndani ukalikandamiza, na hapo ndipo alipowaona mwisho.